Duara la Maili Mbili

Newala, Jumatano alasiri

Mwanangu Somoe,

Marahaba. Nakuitikia mapema kwa sababu nakujua, hata ukifungua karatasi utaanza na shikamoo kabla hujasoma kitu. Sasa hivi uko Mkunya kwa shangazi zako unaaga, na mimi nimekaa kwenye kibaraza cha nyuma nikiwa na daftari lako la kidato cha sita lililobaki kurasa tupu. Nitaiweka barua hii ndani ya begi, chini ya mashati meupe. Basi la Mtwara likishapita Tandahimba utakuwa na muda wa kutosha kuisoma.

Mambo ya chakula, ya kufua, ya kujihadhari na watu sikuandikii. Shangazi zako wamekwisha kukuambia hayo kwa wiki nzima mpaka umechoka. Mimi nina jambo moja, na nimelinyamazia miaka kumi. Jumapili ulipovaa shati la shule ya urubani ukasimama mlangoni ukaniuliza, "Mama, nafanana na wewe?" nilitaka kukuambia pale pale. Nikasema, "Kola imekaa upande." Nimekuwa mwoga kwako, Somoe, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka ajali yangu jinsi kila mtu wa Newala anavyoikumbuka. Ulikuwa darasa la tatu. Ndege mbili ziligongana angani, Kapteni Selemani wa Chiungutwa akafariki, mama yako akaitua ndege iliyokatika mkia kwenye uwanja wetu mdogo hapa. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwalimu wako akawaambia mwandike insha, wewe ukaandika kuhusu mimi, ikabandikwa ukutani ofisini kwa mwalimu mkuu. Yote uliyoandika uliyapata kwangu, na sehemu kubwa yake si kweli.

Nianze na Selemani, maana wewe humjui ila kwa jinsi watu walivyomsema baada ya kufa.

Kampuni ile ndogo iliyotuajiri ilikuwa na ndege mbili, na marubani wa huku kusini tulikuwa sisi wawili tu. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama minane. Mtu mnene kidogo, mwenye sauti ya taratibu, hakupenda haraka. Asubuhi alikuja uwanjani Masasi na mihogo ya kuchemsha ndani ya bakuli lenye mfuniko, tunakula tumeegemea gurudumu. Mimi alikuwa ananiita Mama Somoe, hata kwenye redio, wakati sheria inataka tuitane kwa herufi za ndege. Mimi nikamwita Baba Rukia. Binti yake Rukia ni rika lako. Siku ulipougua malaria kali nikiwa angani, ni yeye aliyeniambia kwenye redio, "Mama Somoe, nenda nyumbani, mistari yako ya kupiga picha nitaimalizia mimi." Akaimalizia, na jina langu ndilo lililoandikwa.

Kazi yetu mwaka ule ilikuwa kupiga picha mikorosho kutoka juu. Kamera ilifungwa tumboni mwa ndege, inapiga yenyewe, rubani yuko peke yake ndani. Unaruka mstari ulionyooka kutoka ukingo wa uwanda wa juu hadi upande wa Tandahimba, unageuka, unarudi kwa mstari wa pili, kama mtu anayelima matuta. Ukipinda katikati, mstari umeharibika, unaurudia kesho. Mimi nilikuwa na eneo langu, Selemani na lake, yanapakana.

Huku hakuna mtu wa kutuongoza. Utafundishwa shuleni kwamba kwenye viwanja vikubwa kuna waongozaji wanaoziona ndege zote na kuziambia zipite wapi. Juu ya Newala na Masasi, kwa urefu tuliokuwa tunaruka, hakuna anayekuona. Mnaambiana wenyewe kwa redio na mnatazamana kwa macho. Halafu kampuni ikatuletea skrini.

Skrini yenyewe ilikuwa ndogo, kama daftari hili ukilikunja. Kila ndege ilifungwa kifaa kinachotangaza mahali ilipo, na skrini ya mwenzake inapokea na kuchora. Wewe uko katikati, umezungukwa na duara, na ndege nyingine ni mshale mdogo unaotembea. Pembeni mwa mshale kuna namba inayokuambia yuko juu yako au chini yako kwa futi ngapi. Akikaribia mno, mshale unabadilika rangi, na sauti inakuita kwenye vipokea sauti. Duara lile unaweza kulipanua au kulifinya. Kwa kawaida tuliliweka maili sita, kwamba mshale ukiwa ukingoni mwa duara, mwenzako yuko maili sita. Ukilifinya liwe maili mbili, unaona vizuri zaidi vilivyo karibu, lakini mshale ule ule ukiwa ukingoni, sasa yuko maili mbili. Picha haibadiliki. Kinachobadilika ni namba moja ndogo kwenye kona.

Selemani ndiye aliyenifundisha kuitumia. Tulikaa ndani ya ndege yake, milango wazi, akawa anabonyeza taratibu.

"Ukimwona mtu hapa," akasema, akigusa mshale, "inua kichwa umtafute kule nje. Ukimkosa, mwambie umemkosa."

Nikamwambia, "Baba Rukia, sasa faida yake nini kama bado nitatafuta?"

"Faida yake unajua utafute wapi. Mbingu kubwa, Mama Somoe."

Nilicheka. Nilikuwa mwepesi kuliko yeye kwa mashine, na nilijiona hivyo. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa naisoma skrini bila kuitazama sawasawa, kama mtu anavyotazama saa akasahau ni saa ngapi.

Sasa nikuambie kitu kuhusu mimi ambacho hakimo kwenye insha yako. Nilipoanza kuruka, kila nilichosema kwenye redio niliulizwa mara mbili. "Una uhakika?" "Rudia tena dada." Wanaume waliokuwa na saa chache kuliko mimi hawakuulizwa. Basi nikajizoeza kujibu haraka, kwa sauti kavu, ili mtu asipate nafasi ya kuuliza tena. Watu wakasifu, "Hadija hababaiki." Nikaipenda sifa hiyo mno. Ikafika mahali jibu linatoka kabla sijajua ninachojibu. Sikuambii haya ili nipate kisingizio. Na wewe watakuuliza mara mbili, Somoe, nataka ujue mimi nilivyogeuka kuwa mtu wa aina ile.

Siku yenyewe ilikuwa mwisho wa kiangazi, mikorosho imetoa maua, watu wanapuliza dawa ya salfa, na kila bonde lina moshi wa mashamba yanayochomwa. Juu palikuwa na ukungu wa moshi. Unaona chini yako vizuri, lakini mbele kumefifia.

Asubuhi tulifanya kazi karibu karibu, na ile sauti ya skrini ikawa inaita kila dakika. Ikanichosha. Nikaizima. Mchana nilitaka kuona kama Selemani anaingia kwenye mistari yangu, nikalifinya duara likawa maili mbili. Nililiona kuwa jambo dogo, la dakika moja. Sikulirudisha.

Saa kumi jioni nilikuwa kwenye mstari wangu wa mwisho, nakwenda mashariki, jua liko mgongoni. Zilibaki kama dakika moja na nusu nimalize eneo lote. Selemani akaita.

"Mama Somoe, nimemaliza huku. Naanza kushuka kwenda Masasi. Jua limenijaa machoni, mbele sioni kitu. Wewe umeniona?"

Nikatupa jicho kwenye skrini. Mshale wake ulikuwa ukingoni mwa duara, juu kushoto. Kichwani mwangu duara lile lilikuwa maili sita. Nikahesabu, ana dakika moja na nusu kunifikia, namaliza mstari, nageuka kulia, anapita. Sikuinua kichwa kutazama nje. Jua lilikuwa nyuma yangu, Somoe. Kama ningeinua kichwa ningeiona ndege nyeupe mbele yangu inametameta.

Nikasema, "Nimekuona, Baba Rukia. Shuka tu. Mimi nitakukwepa."

"Haya," akasema. "Nakuachia wewe."

Hayo ndiyo maneno yake. Tangu hapo hakuwa na sababu ya kunitafuta, kwa sababu jukumu hilo nilikuwa nimelibeba mimi. Aliinamia vyombo vyake akapunguza nguvu za injini akashuka, kama mtu anayevuka barabara akiwa ameshikwa mkono.

Alikuwa maili mbili. Ndege mbili zinazoelekeana, maili mbili ni nusu dakika. Ile nusu dakika mimi niliitumia kutazama mstari wa kamera.

Niliinua kichwa nilipoona kivuli. Tumbo la ndege yake lilijaa kioo cha mbele, naona hadi matope kwenye matairi. Nikasukuma usukani chini kwa nguvu zote. Bawa lake likapiga mkia wangu. Kwenye redio akaniita mara moja, "Mama Somoe!" kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, halafu redio ikawa kimya. Nilipoweza kutazama nyuma niliona bawa peke yake likizunguka, linashuka polepole, na ndege imekwisha kutangulia chini ya ukingo, kwenye mashamba ya mihogo.

Nilivyoitua ndege hapa Newala, hiyo ni kweli. Ilikuwa vigumu na nilifanya vizuri. Ila jambo lililofuata hukuliandika, maana hakuna aliyeliona. Injini ilipozima, watu walikuwa wanakimbia kutoka upande wa barabarani, bado wako mbali. Nikaitazama skrini. Kwenye kona imeandikwa mbili. Nikaelewa yote kwa mara moja. Na mkono wangu ukaenda, nikalirudisha duara kwenye sita. Nikaiwasha na ile sauti. Kisha nikafungua mlango nikashuka, nikaanguka magotini, na wanawake wakanifunika khanga.

Nimejidanganya miaka mingi kwamba nilikuwa nimepagawa. Sikuwa nimepagawa. Nilikumbuka mpaka ile sauti.

Wachunguzi walikuja wawili, tukakaa kwenye chumba kimoja Masasi, wakanipa maji. Walikuwa watu wapole. Skrini zile hazikuweka kumbukumbu ya duara, na redio yetu hakuna aliyeirekodi. Mmoja akaniuliza, "Marehemu alikutangazia kwamba anashuka?"

Nikasema, "Hapana. Hakuniambia kitu."

"Na wewe ulijaribu kumwita?"

"Nilimwita. Hakujibu."

Akaandika. Akanipa pole tena. Ripoti ilipotoka ilisema kwa maneno ya uangalifu kwamba huenda rubani marehemu alianza kushuka bila kutangaza. Watu hawasomi neno huenda. Chiungutwa wakasema Selemani alikuwa mzembe, amejiua na nusura aue mwanamke wa watu. Wengine wakasema alikuwa amelewa, mtu ambaye hakuonja hata togwa iliyochacha.

Ulikuwepo siku baba yake Selemani alipokuja. Huenda unamkumbuka, mzee mrefu mwenye jicho moja lenye mtoto wa jicho, alikuja na Mama Rukia, mjane wa Selemani, wakaleta njugu mawe kwenye kikapu. Wewe ulizila zile njugu. Tulikaa sebuleni. Mzee hakutaka kiti, alikaa mkekani, akainama mbele yangu hata kofia ikataka kudondoka.

"Binti yangu," akasema, "sisi tumekuja kukuomba radhi. Mwanetu alikukosea. Amekwisha tangulia, hawezi kusema mwenyewe, nasema mimi."

Baba yako alikuwa amekaa pembeni, machozi yanamtoka. Kila mtu alikuwa ananitazama. Nilikuwa na nafasi, Somoe, nafasi pana kabisa, ambayo hata mpumbavu angeiona.

Nikamwambia yule mzee, "Nimesamehe, baba. Nimesamehe kabisa."

Akanishika mikono yote miwili akanishukuru.

Baada ya hapo sikuruka tena. Niliwaambia mgongo unauma. Nikarudi kwenye mikorosho ya mama yangu, napuliza salfa, nauza korosho, naitwa Kapteni mpaka sokoni. Watoto wananionyesha kwa kidole. Baba yako alikufa miaka mitatu baadaye bila kujua. Siku zake za mwisho alikuwa akiwasimulia wageni jinsi nilivyoitua ndege ile, na mimi nikimpangusa uso. Kila mwaka nilifikiri, mwaka huu. Nikagundua kwamba uongo ule haukuwa unahitaji nifanye chochote. Niliusema siku moja tu, mengine wakanisaidia watu.

Halafu wewe ukakua, ukapenda hesabu, ukasema utakuwa rubani. Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nakusikiliza nyuma ya mlango ukiwasimulia wenzako ajali ile. Mwezi uliopita, kwenye dua tuliyokufanyia, ukasimama mbele ya watu wote ukasema kwamba mama yako amekufundisha rubani mzuri ni yule anayetangaza kila anachofanya, kwamba yule mwenzake alikufa kwa sababu hakutangaza. Ulisema kwa nia njema. Watu wakaitikia. Nikaona kwamba sasa nimekupa na wewe ule uongo uende nao angani, na siku moja utaongoza ndege yenye abiria ukiamini kitu ambacho hakikutokea.

Jumamosi nilipokuambia nakwenda Masasi kununua dawa ya mikorosho, nilikwenda Masasi, nikapanda bodaboda hadi Chiungutwa.

Nilimkuta Mama Rukia uani anageuza makopa ya mihogo kwenye jamvi. Amezeeka kuliko umri wake. Akanikaribisha kwa furaha, akaniletea kigoda, akataka kuinjika chai. Nikamwambia asiinjike, nina maneno. Nikayasema yote kwa mpangilio huu huu niliokuandikia, duara, sauti niliyoizima, nilichomjibu, mkono wangu kwenye skrini. Hakunikatiza. Aliendelea kugeuza makopa, kipande kimoja kimoja, mpaka yakaisha, akaanza tena vile alivyokwisha kuvigeuza.

Mwisho akauliza, "Alisema nini cha mwisho?"

"Aliniita."

"Alikuita jina gani?"

"Mama Somoe."

Akasema, "Baba mkwe wangu aliinama mbele yako."

"Ndiyo."

"Ukamwambia umesamehe."

"Ndiyo."

"Amekufa na hilo. Alikuwa akiniambia, yule mwanamke ana moyo, angekuwa mwingine asingetusamehe."

Akapangusa unga wa makopa mikononi.

"Unamjua Rukia?" akasema. "Rukia alifaulu hesabu kuliko wavulana. Alitaka kuruka kama baba yake. Babu yake akachukua vitabu vya marehemu, na kofia, na miwani, akavichoma pale, nyuma ya choo. Akasema damu yetu haina uangalifu, hatutaua watu wengine. Sasa Rukia anashona nguo Masasi, ana mtoto mgongoni. Na wako?"

"Anaondoka Alhamisi," nikasema. "Kwenda shule ya urubani."

Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Kumbe ndiyo maana umekuja. Mwanao anaondoka, unataka aache nyumba iliyofagiliwa."

Nikataka kukataa, nikaona siwezi. Kuna ukweli katika hilo. Nikapiga magoti kwenye mchanga nikamwomba anisamehe. Akasimama akanishika bega, nikadhani ananiinua.

"Usiniombe leo," akasema. "Nikikusamehe leo utakwenda kulala. Mimi sijui kama nitakusamehe, Mama Somoe, na sitaki kukudanganya. Ila nataka uje useme hapa Chiungutwa, mbele ya hao hao waliomsema mume wangu. Kwa mdomo wako. Nitawaita shemeji zangu wote, na Rukia atakuja."

"Lini?"

"Ijumaa, watu wakitoka msikitini."

Nikakubali. Hakunisindikiza. Nilipofika njiani nikasikia anamwita jirani yake kwa sauti ya kawaida kabisa amsaidie kuyaingiza makopa ndani, na sauti ile ikaniumiza kuliko kama angelia.

Jumatatu niliandika maelezo yangu upya kwa ofisi ile ya uchunguzi, kurasa nne, nikasaini, nikayapeleka posta mwenyewe. Sijui watafanya nini nami. Pengine kesi, pengine karatasi itakaa kwenye jalada. Nimejiandaa kwa yote mawili, na shangazi yako mkubwa anajua funguo za ghala ziko wapi. Wengine hawajui kitu. Wanapika pilau la kukuaga sasa hivi.

Sasa kuhusu wewe. Nimejiuliza kama nikuache uondoke kwanza, nikuambie baadaye ukiwa umezoea shule. Nikaona huko ni kukufanyia walichofanyiwa wengine. Una haki ya kujua unaondoka nyumba gani. Ukikasirika, kasirika, usinihurumie kwa kuwa naandika vizuri. Usipotaka kunipigia simu mwezi, au mwaka, nitaelewa. Lakini usishuke kwenye basi. Usirudi kuja kusimama karibu yangu Ijumaa. Sitaki watu wa Chiungutwa wakutazame wewe badala ya kunitazama mimi.

Na ukiwa huko juu, ukiulizwa kama umemwona mtu, na ulichoona ni mshale tu, sema ni mshale. Sema skrini inanionyesha, kwa macho bado. Maneno hayo ni marefu kidogo na wenzako watakuona mzito. Soma ile namba ya kwenye kona kwa sauti, hata kama uko peke yako. Na kama jibu limekwisha kukutoka na si kweli, una sekunde chache za kusema nimekosea, sikuoni. Mimi nilikuwa nazo thelathini. Huwa nazihesabu nikiwa shambani, taratibu, na kila mara nashangaa zilivyo nyingi. Mtu anaweza kusema mengi ndani yake. Baba Rukia angejibu tu, "Haya, napanda juu," angepanda, na jioni ile tungekula mabaki ya mihogo Masasi.

Nimeulizwa na wewe mara nyingi kwa nini situmii tena jina la Kapteni kwenye barua za shule. Umelipata jibu. Wewe likifika, litumie, litakuwa lako.

Nasikia pikipiki, pengine ni wewe unarudi. Jua bado liko juu ya mikorosho na nina kuku wa kuchinja. Nitakupokea mlangoni kama kawaida na hutaona kitu, kwa sababu katika hilo nina uzoefu. Kesho nitakusindikiza stendi, nitakushika mkono dirishani, na utakapoangalia nyuma utaniona nimesimama. Hadi hapo utakuwa hujajua. Huo ndio uongo wangu wa mwisho kwako, wa saa chache.

Keshokutwa saa nane mchana nitakuwa nimesimama mbele ya watu wa Chiungutwa. Habari itafika kwenu kabla ya jioni, maana watu wana simu, na huko shuleni kuna vijana wa Masasi. Itakuja ikiwa imeongezwa chumvi. Watu wakikuambia kwamba mama yako ndiye aliyemuua Kapteni Selemani, usibishane nao.

Mama yako,
Hadija